Mkate Wenye Alama ya Meno

“Sikuulizi habari za kaka yako. Nakuuliza jambo moja tu, wifi: nani alikupa ruhusa ya kunipiga video nikiwa uani kwangu?”

“Uani kwako? Tangu lini? Ni uani kwa mama yangu! Mimi nimezaliwa humu. Wewe umeletwa na gari la kukodi na matarumbeta.”

“Haya, nijibu wewe uliyezaliwa humu.”

Shahlo hakuwa amevua koti. Alisimama mlangoni mwa jiko la nje, simu mkononi, uso umemwiva. Hulkar, mke wa kaka yake, alikuwa upande wa pili wa jiko akipasua kuni ambazo tayari zilikuwa ndogo. Kati yao Mastura alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, akikanda unga. Shahlo alikuwa binti yake wa kumzaa, na Hulkar mkwewe. Alikanda kana kwamba yumo peke yake.

“Nilikuja kurudisha sinia,” Shahlo alisema. “Nikakukuta umechuchumaa na mchi wa kinu, unaponda mkate wa kaka yangu juu ya jiwe. Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

“Ningeingia. Ningeuliza.”

“Nilishtuka!”

“Ulishtuka na mkono umetulia vile? Video haitikisiki hata kidogo.”

Ni kweli video ilikuwa imetulia. Ilimwonyesha Hulkar kwa nyuma, kisha kwa ubavu, akiinua mchi na kuushusha, na mkate mkavu uliotundikwa ukutani miaka minne ukipasuka kama kigae. Mwishoni alizoa vipande kwa viganja viwili na kuwamwagia njiwa juu ya banda. Kipande hicho cha mwisho cha video watu hawakukiona. Binamu mmoja alikikata ili video iwe fupi.

Ihtiyor, mume wa Hulkar, aliuuma mkate ule asubuhi aliyoondoka kwenda Urusi kutafuta kazi, kama wanavyouma wanaume wote wa mji wao wa Margilan wanapotoka. Anayeondoka huuma mara moja, na mkate hutundikwa ili umwite arudi aumalize. Haugawiwi wala haushushwi. Mtu akifa ugenini, ndipo nduguze huuvunja na kuwapa ndege, usije ukakanyagwa. Kwa hiyo kila aliyeiona video alielewa mara moja, bila kuelezwa, kwamba mwanamke huyu amemzika mumewe akiwa hai.

“Mimi niliiweka kwenye kundi la ukoo tu,” Shahlo alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Niliandika, jamani mwoneni wifi. Basi. Sijui nani kaitoa nje.”

“Na wenye ule ukurasa wa mtandaoni wa Tashkent waliota ndotoni kwamba naitwa Hulkar? Waliota kwamba napika chekechea?”

“Nimekwambia sijui!”

“Watu wangapi wameiona leo?”

Shahlo aliitazama simu bila kutaka. “Wengi.”

“Nisomee.”

“Sitaki.”

“Jana ulikuwa unasoma kwa sauti, mama akakwambia upunguze. Nisomee.”

Shahlo hakusoma, na Hulkar hakuwa na haja. Alikuwa ameyasoma yote usiku, amefunikwa blanketi ili binti yake Oydin asiuone mwanga. Mtu wa Bukhara alitaka mikono yake ipondwe kwa mchi uleule. Mwanamke asiyeonyesha sura alisema wanawake wa namna hii ndio wanaofanya waume wasirudi. Muuza nyama wa kona, anayemsalimu kila asubuhi, aliandika: Namfahamu, hakuonekana mtu wa hivyo. Kijana mmoja aliye Seoul alieleza kwamba mkate wake nao umetundikwa kwa mama yake, na tangu aone video hajapata usingizi. Huyo Hulkar alimsoma mara nyingi kuliko wote. Wengine alijua namna ya kuwachukia.

“Watu wote hao hawawezi kuwa wajinga, wifi,” Shahlo alisema. “Niambie tu kwa nini ulifanya vile. Nami nitawaambia.”

Hulkar akageuka kumtazama Mastura. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba hata Shahlo akageuza shingo.

“Unga umeshika,” Mastura alisema. “Nisogezeeni maji.”

*

Robiya alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa msimamizi wa mambo ya wanawake katika kamati ya mtaa, mwanamke mnene mwenye haraka, asiyependa kumwonea mtu na asiyependa pia kupigiwa simu na wakubwa. Tangu juzi alikuwa amepigiwa mara kadhaa. Alikuja na kijiti cha kusimamishia simu na karatasi aliyoiandika mwenyewe.

“Usiogope, binti,” alisema akivua viatu. “Jambo hili lina njia yake. Dereva yule aliyemtukana bibi kizee alisema maneno mawili kwenye video, yakaisha. Yule msichana wa harusini aliyecheza juu ya meza naye alisema maneno mawili, na sasa ameolewa. Watu wakiombwa radhi wanatulia.”

“Hawakutulia kwa dereva,” Hulkar alisema. “Alihama.”

“Alihama kwa mambo yake. Chumba gani kina mwanga?”

Wakaingia chumba kikubwa. Robiya aliangalia dirisha, akaangalia ukuta, na macho yake yakatua kwenye msumari uliobaki peke yake juu ya duara jeupe ambalo rangi yake haikupigwa moshi wala jua kwa miaka minne.

“Hapahapa,” alisema. “Kaa chini ya huo msumari. Wataelewa.”

“Nikae chini ya msumari?”

“Ni picha tu, binti. Una kitambaa cha rangi iliyopoa? Hicho kina maua mengi mno, utaonekana kama unakwenda sherehe. Na hereni toa.”

Hulkar akatoa hereni. Mastura akaleta kitambaa chake mwenyewe cha kijivu, akamfunga kichwani kwa mikono yenye unga, akamrekebishia ncha kidevuni bila kumtazama machoni. Simu ya Hulkar ikalia. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa chekechea. Robiya akanyoosha mkono na kubonyeza spika, kwa nia njema, ili wote wasikie.

“Hulkar, mpenzi, mimi sina neno na wewe,” mwalimu mkuu alisema. “Wewe mwenyewe unajua supu yako watoto wanavyoipenda. Lakini leo wazazi wamewafungia mikate ya nyumbani. Mtoto wa miaka minne ananiambia, mwalimu, mama kasema nisile mkate wa yule mama. Nifanyeje? Video ya radhi ikitoka leo, kesho njoo kazini. Isipotoka, kuna dada wa Rishtan anaulizia hiyo nafasi.”

“Na Oydin amekula?” Hulkar aliuliza.

“Oydin nimemkalisha na mimi ofisini. Ni vizuri tu, anachora.”

Simu ikakatwa. Robiya akampa karatasi, akasimamisha simu yake juu ya kijiti, akafunga jicho moja kuangalia kama imekaa sawa. Shahlo alikuwa amekaa pembeni, na koti lake hajalivua bado.

“Haya. Soma taratibu. Ukilia usijizuie.”

Hulkar akasoma. “Mimi Hulkar, mkazi wa Margilan, nawaomba radhi wananchi wote na hasa ndugu zetu walioko ugenini. Nimeudharau mkate, nimeidharau mila. Kwa hasira za kike nilimwombea mume wangu...”

Akaishusha karatasi.

“Endelea,” Robiya alisema. “Hapo nitakata.”

“Hili la kumwombea mabaya sikulifanya.”

“Najua. Ni maneno tu.”

“Kama ni maneno tu, tuyaondoe.”

“Tukiyaondoa kinabaki nini? Nimevunja mkate, samahanini? Watasema unawacheka. Binti, watu wamekasirika siku tatu, huwezi kuwapa kitu chepesi. Sema, ulie kidogo, urudi kwenye sufuria zako.”

“Oydin atajifunza kusoma mwaka ujao,” Hulkar alisema. “Siku moja atalifungua hili na kumsikia mama yake akisema alimtakia baba yake kifo.”

“Basi niambie kweli yako, niiandike upya! Nimekuuliza juzi, nimekuuliza jana. Kwa nini uliushusha?”

Hulkar akaikunja karatasi katikati, akaikunja tena. “Muulize mama.”

Shahlo akacheka kicheko kifupi. “Mama ndiye alikupa mchi?”

Mastura alikuwa amesimama mlangoni, vidole vikimkauka unga. Kwa siku tatu alikuwa amewasikiliza watu wakimtukana mkwewe, na kila jioni alikuwa amejiambia kwamba kesho watachoka. Alikuwa amemuuliza muuza maziwa, akiwa mbali na nyumbani, kama mambo ya mtandaoni huwa yanaisha baada ya muda gani. Muuza maziwa alisema inategemea.

“Ihtiyor amemwacha,” Mastura alisema.

“Nani?” Shahlo akauliza.

“Kaka yako. Amempa talaka kwa simu, tena zote tatu kwa mkupuo. Baridi iliyopita. Ana mwanamke mwingine huko, na huyo mwanamke ana mimba.”

“Nani kasema?”

“Alimtumia mkewe sauti. Nimeisikia kwa masikio yangu, hapa, tumekaa hapa. Nikamwambia huyu anyamaze. Nilimwambia, mwanangu, tusikimbilie kutangaza, labda atarudiwa na akili. Mkate uache pale, watu wakija wauone. Nani anataka watu waje wauone ukuta mtupu?” Akaufuta mkono kwenye aproni. “Oydin kila asubuhi alikuwa anausalimia ule mkate. Assalamu alaykum baba. Kila asubuhi. Mimi nilijifanya sisikii. Huyu alishindwa.”

Robiya akanyoosha mkono na kuizima simu yake, iliyokuwa ikirekodi muda wote huo.

*

Shahlo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata nguvu. Alilia kidogo, akajifuta, na alipomaliza kujifuta simu ilikuwa imewaka mkononi.

“Mbwa yule,” alisema. “Mwezi uliopita kaniomba picha za Oydin. Kumbe! Wifi, nipe hiyo sauti.”

“Ya nini?”

“Nipe tu. Naituma kwenye ukurasa uleule. Nina ukurasa wake na yeye, na picha ya anapofanya kazi, ile ghala yenye maandishi mekundu. Jioni haijafika atakuwa hana pa kuficha uso. Wale wanaokutukana wewe ndio watakaomla yeye.”

“Hilo halina ubaya,” Robiya alisema taratibu, akifikiri. “Kwa kweli lingekuwa bora kuliko radhi. Watu wakijua wamemwonea mtu, wanageuka kwa nguvu mara mbili. Wilayani wangefurahi. Utaona, binti, kesho watakuletea zawadi mlangoni.”

Hulkar alikuwa na simu yake mapajani. Sauti ilikuwa humo, fupi, na nyuma yake mlio wa gari la kubebea mizigo likirudi kinyumenyume. Aliisikia hata asipoisikiliza. Kidole kimoja tu kingetosha, na yule wa Bukhara angehamishia mchi wake kwa mtu mwingine. Kazi ingerudi. Dada wa Rishtan angebaki Rishtan.

Alimtazama Mastura.

“Simu ni yako,” Mastura alisema. “Sauti ni yako pia. Ukiituma sitakulaumu, hata mbele ya Mungu sitakulaumu.” Alisema hivyo na mdomo ukamcheza, kwa sababu Ihtiyor alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume, na alimjua kuwa mwoga.

“Nikiituma leo watamfuata yeye,” Hulkar alisema. “Kesho watamtafuta yule mwanamke, wamwone tumbo. Na picha za Oydin ulizomtumia kaka yako nazo zitatoka, maana watu watataka kumwona mtoto aliyeachwa. Sio kweli, wifi?”

Shahlo akaigeuza simu yake, kioo chini.

“Na yule kijana wa Seoul, ambaye halali. Atalala kwa sababu mwingine anatukanwa?”

“Wewe unamhurumia!” Shahlo alifoka. “Mtu kakutupa kama ganda, unamhurumia!”

“Simhurumii hata kidogo. Akija hapa nitamtupia sufuria ya moto. Lakini nitamtupia mimi, kwa mkono wangu, naye ataniona usoni.” Akaiweka simu kwenye ukingo wa dirisha, chali. “Kuponda nilikwisha kuponda. Tosha.”

“Basi kazi imekwenda,” Robiya alisema. Hakusema kwa ubaya. Alianza kukunja kijiti chake, kikakwama, akakipiga kwenye goti.

“Imekwenda,” Hulkar alikubali, na kwa mara ya kwanza sauti ikamvunjika, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, na kwao, kwa kaka yake mwenyewe, kulikuwa na watu tisa katika vyumba viwili.

Mastura alitoka uani, na hadi unga uumuke na tanuri lishike moto, alasiri ilikuwa imefika. Walisikia maji yakimwagika, kisha tanuri likifunuliwa. Alitia mikate mmoja mmoja akiwa ameingiza mkono hadi begani, akaipiga ukutani mwa tanuri, akarudisha kifuniko. Kisha akachuchumaa kando, akasubiri, akinusa. Alikuwa akioka mikate tangu akiwa mdogo kuliko Oydin na hakuhitaji kuangalia. Alipoitoa, iling'aa mgongoni kama imepakwa mafuta. Akaifunga kwenye kitambaa kikubwa cha kuwekea chakula, akaingia ndani, akabadilisha aproni kwa gauni lake la hariri, lile la harusi za watu.

“Unakwenda wapi, mama?” Shahlo aliuliza.

“Kumchukua mtoto.”

“Oydin huchukuliwa saa kumi na moja.”

“Ndiyo. Kila mtu humchukua mtoto wake saa kumi na moja,” Mastura alisema. “Hulkar, rudisha hereni zako. Na hicho kitambaa changu kivue, kinakuzeesha. Vaa chenye maua.”

“Mama, utawaambia nini?” Robiya aliuliza. “Ngoja basi nije na simu, tuchukue angalau...”

“Wewe njoo na miguu.”

*

Njia haikuwa ndefu. Muuza nyama alikuwa nje, akinoa kisu; alipowaona akainama kunoa upande ambao ulikuwa tayari umenolewa. Mastura akasimama.

“Ulisema hakuonekana mtu wa hivyo,” alimwambia. “Mtu wa vipi?”

“Mama Mastura, mimi nili... watu wote walikuwa wanaandika.”

“Unakaa hatua ngapi kutoka mlangoni kwangu? Usinijibu. Kaka yake Shahlo amemwacha mkewe. Tangu baridi. Mkate haukuwa na wa kumwita. Sasa unajua, na umejua kutoka kwangu.”

Wakaendelea. Hulkar alitembea nyuma kidogo, kama desturi ya mkwe, hadi Mastura alipopunguza mwendo ili wawe sambamba.

Penye lango la chekechea wazazi walikuwa wameshajaa: akina mama na mabibi, wawili watatu na baiskeli, baadhi wakiwa wameinamia simu. Maongezi yakakatika walipofika. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe karibu na sketi yake. Mwingine, kijana, mtoto ubavuni, mwenye kucha zilizopakwa rangi ya waridi, akainua simu polepole hadi usawa wa kifua, kama watu wanavyofanya wakidhani hawaonekani.

Mastura aliweka furushi kwenye kiti cha mlinzi, akalifungua. Harufu ya mkate ikatoka.

“Wengi mnanijua,” alisema. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu, na alisema kwa nguvu kupita kiasi, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. “Mimi ndiye mama wa mwenye ule mkate. Mwanangu amemwacha huyu binti kwa simu, baridi iliyopita, na hatarudi. Nilimziba mdomo kwa ajili ya uso wangu. Mkate ule kazi ya kuushusha ilikuwa yangu, nikaogopa. Akaushusha yeye, akawapa ndege, hakikuanguka kipande. Mmemtukana siku tatu nami nikanyamaza. Wa kutukanwa hapa ni mimi. Mwenye swali aniulize mimi, sasa hivi, nimesimama.”

Bibi mmoja alisema “Ee Mola,” akatazama chini. Mlinzi akavua kofia, akaivaa tena, hakujua kwa nini aliivua.

Yule mwanamke kijana mwenye kucha za waridi akasogea hatua moja mbele, simu sasa iko wazi usoni mwake.

“Mama, samahani,” alisema. “Unaweza kurudia tangu mwanzo? Sikuwa nimewasha.”

Shahlo akasonya. Hulkar akafumba macho. Mastura alimtazama yule mwanamke, akauchukua mkate wa juu kabisa, akamwendea hadi walipokuwa wanasikiliana pumzi, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Mkate hauchukuliwi kwa mkono mmoja. Hilo hakuna aliyehitaji kumwambia yule mwenye kucha. Alifundishwa kabla hajajua kuongea, na mwanawe aliyeshika sketi yake naye alikwisha kufundishwa. Alitazama mkate, akatazama simu. Akajaribu kuishika kwa vidole viwili vya mwisho, ikateleza. Akajaribu kwapani. Watu wote walimtazama. Mwishowe akaizima, akaidumbukiza ndani ya mkoba wake, akafunga zipu, akapokea kwa mikono miwili. Mkate ulikuwa bado unachoma, akaubadilisha-badilisha viganjani.

“Haya,” Mastura alisema. “Sasa niulize.”